Amibe, bidoni na tope la Mulongwe: nani ameviona vimelea vya maji ya Uvira?

Mtu wa Uvira, mashariki mwa Kongo (DRC), akiumwa tumbo kwa siku tatu, jirani zake hawamsubiri daktari. Wanamwambia: hiyo ni amibe, nenda labo. Labo inampa kikaratasi chenye jina la Entamoeba histolytica na misalaba miwili pembeni, na kabla jua halijazama ameshanunua metronidazoli, ile ambayo wengi wanaiita Flagyl hata kama paketi ina jina jingine. Mwezi ukipita amerudi kwenye benchi lilelile. Maji ndiyo yanayolaumiwa, na mara nyingi yanastahili lawama hiyo. Ila ukiuliza ni nani aliyewahi kuiona amiba hiyo ndani ya maji yenyewe, kila mtu anamtazama mwenzake.

Kikaratasi nacho kina walakini wake. Kuna amiba wa aina mbili ambao chini ya hadubini hawatofautiki. E. histolytica hula ukuta wa utumbo na huweza kufika hadi kwenye ini. E. dispar huishi tumboni bila kumdhuru mwenyeji wake. Mwaka 1993 Louis Diamond na Graham Clark waliwatenganisha rasmi, na mwaka 1997 wataalamu waliokutanishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) huko Mexico wakakubali: sisti, yaani kimelea kilichojifungia ndani ya gamba, ikionekana kwa hadubini peke yake iandikwe kwa majina yote mawili, na asiye na dalili asipewe dawa kwa sababu ya sisti hiyo tu. Kinachomtoa mtu kwenye shaka ni amiba aliyekutwa amemeza chembe nyekundu za damu. Duniani kote dispar ni wengi kuliko mwenzake kwa mbali. Kwa hiyo kimelea tunachokitaja kuliko vyote ndicho ambacho vipimo vyetu vya kila siku vinakitambua vibaya kuliko vyote, hata kwenye choo cha mgonjwa, ambako kinapatikana kwa maelfu. Kwenye maji kinaweza kuwa kimoja ndani ya bidoni nzima.

Nilianza na choo kwa makusudi. Mjadala wa maji salama katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, kutoka Kavimvira mpaka bandari ya Kalundu na kuteremka kuelekea Fizi, huendeshwa kana kwamba kuna kifaa fulani ambacho tukikipata tutakitumbukiza ndani ya glasi kitwambie ndiyo au hapana. Kifaa hicho hakipo. Vilivyopo ni vipimo vingi, kila kimoja kinajibu swali lake, na kazi ni kujua ni swali lipi linalofaa kuulizwa Uvira kwa fedha iliyopo.

Mji wenyewe umebanwa. Magharibi kuna milima ya Mitumba inayosimama ghafla nyuma ya nyumba, mashariki kuna ziwa, na Bujumbura inaonekana ng'ambo. Kutoka milimani inateremka mito mifupi yenye hasira, Kalimabenge, Mulongwe na Kavimvira, ambayo wakati wa kiangazi unaivuka bila kulowesha goti na masika inabeba mawe. REGIDESO, shirika la taifa la maji, huchota kutoka Mulongwe, husafisha, na kuusambazia mji. Bomba likikauka watu hurudi walikozoea: ziwani, mtoni, au kwa jirani mwenye kisima. Wengi hutumia vyote hivyo ndani ya wiki moja. Ziwani ndiko pia kunakofuliwa nguo, kunakooshwa vyombo na kunakoogea watoto, mitumbwi ya kuvulia ndakala (dagaa) ikiwa imeegeshwa hatua chache kutoka hapo.

Kwa kipindupindu, huu ni kati ya miji ya Afrika iliyochunguzwa kwa kina. Utafiti wa Aurélie Jeandron na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la PLoS Medicine, ulilinganisha maji yaliyotoka kwenye mtambo wa Uvira kila siku kuanzia 2009 hadi 2014 na idadi ya waliopokewa katika kituo cha matibabu ya kipindupindu. Siku ambayo bomba halikutoa maji kabisa ilifuatiwa, katika siku 12, na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa walioshukiwa, ukilinganisha na siku ambazo mtambo ulifanya kazi vizuri. Karibu robo ya wagonjwa wote, asilimia 23.2, walihesabiwa kuwa matokeo ya upungufu wa maji ya bomba. Baadaye mtandao wa mabomba ulipanuliwa kwa fedha za Shirika la Maendeleo la Ufaransa, Umoja wa Ulaya na Veolia Foundation, huku watafiti kutoka London wakifuatilia athari zake. Mwaka 2020 wakazi walipewa chanjo ya kumeza.

Zingatia neno moja lililomo katika takwimu hizo: walioshukiwa. Vipimo vya haraka vilipoanza kutumiwa katika kituo kile, sehemu kubwa ya waliolazwa hawakukutwa na kipindupindu. Walikuwa wanaharisha, walikuwa wamekaukiwa maji mwilini, na wengi wao walinywa maji yaleyale. Basi waliugua nini? Rotavirusi, bakteria wa aina nyingine, na bila shaka vimelea: giadia, kriptosporidia, pengine na amiba yule wa kweli. Kipindupindu huua kwa saa chache, kwa hiyo kimepata hema lake, dawa yake na bajeti yake. Kriptosporidia humkondesha mtoto wa miezi minane kwa wiki tatu, mama akaambiwa ni meno yanaota.

Umuhimu wa kriptosporidia si wa kubahatisha. Kati ya 2007 na 2011 utafiti mkubwa uitwao GEMS ulifuatilia kuharisha kukali kwa watoto katika nchi saba, moja ikiwa Kenya, huko Siaya karibu na Ziwa Victoria. Kwa watoto wasiotimiza mwaka mmoja, kriptosporidia walitokea miongoni mwa visababishi vinne vikuu, wakiwa nyuma ya rotavirusi peke yake. Watafiti wengi hawakulitarajia hilo. Kimelea hiki kilikuwa kimeachiwa vitabu vya wagonjwa wa UKIMWI. Sina sababu ya kufikiri kwamba mtoto wa Kasenga au Kilomoni ana bahati kuliko mtoto wa Siaya.

Hapa ndipo klorini inapotuchanganya. Kipindupindu kikipanda, wahudumu wa kujitolea husimama kwenye fukwe na bomba la sindano lisilo na sindano. Mama anafika na bidoni ya lita 20, mhudumu anavuta mililita kadhaa za myeyusho wa klorini, anazimimina mdomoni mwa bidoni, anafunga, anatikisa, na kumwambia asinywe kabla ya nusu saa. Ni kazi nzuri, na imeokoa watu. Kiwango kinachotafutwa ni kubaki kwa takriban nusu miligramu ya klorini huru katika kila lita baada ya dakika 30. Kwa bakteria wa kipindupindu inatosha na kusaza.

Kwa kriptosporidia hesabu ni nyingine kabisa. Kimelea hiki kikiwa nje ya mwili hujifungia ndani ya gamba gumu, na ili kuua 999 kati ya kila 1,000, zidisha kiwango cha klorini kwa dakika mpaka ufike karibu 15,300. Bidoni yetu, kwa nusu miligramu na dakika 30, inafika 15. Kwa kiwango hicho mama yule angesubiri siku 21. Giadia ni laini zaidi, ila naye huhitaji kuzidi kile kinachopatikana kwa nusu saa. Mayai ya minyoo hayashughuliki na klorini hata kidogo.

Ziwa letu linaongeza shida ambayo sijaisikia ikisemwa kwenye vikao vya maji. Maji ya Tanganyika yana ualkali mkubwa. pH ya maji yake ya juu ni karibu 9. Klorini ndani ya maji hugawanyika katika sura mbili, moja kali na nyingine dhaifu, na kadiri pH inavyopanda ile kali inapungua. Kwenye pH 7.5 zinagawana nusu kwa nusu. Kwenye 9, ile kali imebaki kama asilimia 3. Ndiyo maana miongozo ya WHO hupendelea pH isizidi 8. Hii haina maana kwamba tusitie klorini kwenye maji ya ziwa, maana bakteria wa kipindupindu ni dhaifu mno na hufa hata hivyo. Maana yake ni kwamba bidoni iliyojazwa ziwani na bidoni iliyojazwa kwenye bomba la Mulongwe, zikipewa mililita zilezile na mhudumu yuleyule, hazipati ulinzi uleule. Kipimo cha rangi kitaonyesha klorini ipo. Hakitaonyesha kwamba imelegea.

Sasa tuje kwenye kuvitafuta vimelea ndani ya maji yenyewe. Kipimo cha kawaida cha maji katika miradi ya misaada ni sanduku la kubeba mkononi, mfano lile la DelAgua lililobuniwa Chuo Kikuu cha Surrey. Unachuja mililita 100 kupitia utando mwembamba, unaulaza juu ya chakula cha bakteria, unautia kwenye joto la nyuzi 44, kesho yake unahesabu vidoa vya manjano. Kila kidoa ni bakteria mmoja wa kinyesi aliyezaana usiku kucha. Hapo ndipo uzuri wake ulipo, bakteria hujizidisha mwenyewe hadi jicho limwone. Sisti ya giadia haizaliani kwenye sahani. Ilivyoingia ndivyo itakavyobaki, moja, yenye urefu wa maikromita 10 hivi. Ya kriptosporidia ni 4 hadi 6, ndogo kuliko chembe nyekundu ya damu.

Chukua maji yenye kriptosporidia mmoja katika kila lita 10. Ni kiwango ambacho familia inayokunywa maji hayo mwaka mzima haiwezi kukikwepa, na vimelea kumi au makumi kadhaa vinatosha kumwangusha mtu. Ukichota mililita 100 kutoka humo, uwezekano wa kumkamata ni mmoja katika mia. Utapima mara mia umpate mara moja. Kwa hiyo njia ya maabara, ile iliyosanifiwa Marekani kwa jina la Method 1623 na nyingine za kimataifa zinazofanana nayo, huanza kwa kuchuja lita 10 au zaidi. Uchafu wote ulionaswa unaoshwa kutoka kwenye kichujio, unazungushwa kwa kasi hadi ukae chini kama kijiko cha tope, kisha unachanganywa na shanga ndogo sana za sumaku zilizovikwa kingamwili zinazomshika kimelea huyo tu. Sumaku inazivuta shanga pamoja na mateka wao, tope linamwagwa. Kilichobaki kinatiwa rangi inayong'aa kijani chini ya hadubini ya mwanga wa pekee, na mtu aliyefunzwa anakaa hapo akihesabu mipira ya kijani, mmoja baada ya mwingine, akikagua kama ndani yake kuna viini vinne.

Ni kazi ya ustadi, na bado ina matundu. Maabara inayoweka kimakusudi vimelea 100 ndani ya maji na kuwarudisha 30 inahesabiwa imefaulu. Shanga ni ghali na zinataka friji. Sampuli inatakiwa ianze kushughulikiwa ndani ya saa 96, na anayeijua barabara ya taifa namba 5 kati ya Uvira na Bukavu, au ratiba za ndege za kwenda Kinshasa kwenye taasisi ya utafiti wa tiba INRB, atacheka peke yake. Tangu vita vilipozifikia Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, hata kicheko hicho kimeisha. Halafu, baada ya kumpata kimelea huyo, rangi haikwambii kama yu hai. Kipimo cha PCR, kinachosoma chembe za urithi, hugundua vimelea hata vikiwa vichache zaidi na hutofautisha kriptosporidia wa binadamu na wa ng'ombe, jambo la maana mno kwa mto unaopita malishoni. Lakini DNA ya maiti husomeka sawa na ya aliye hai, kwa hiyo maji yaliyochemshwa vizuri yanaweza kutoa jibu la kutisha.

Waliokuwa na uwezo wa kufanya haya yote walifika wapi? Mwaka 1993 mji wa Milwaukee, Marekani, ulipatwa na mlipuko wa kriptosporidia unaokadiriwa kuwagusa watu 403,000. Maji yalikuwa yametiwa klorini na yalikidhi viwango vya sheria ya wakati huo. Dalili ya kwanza ya maana haikutoka maabara ya maji: maduka ya dawa yaliishiwa dawa za kuharisha. Vimelea vilithibitishwa kwanza kwenye choo cha wagonjwa. Uthibitisho kwamba vilikuwa bombani ulipatikana baadaye ndani ya vitalu vya barafu vilivyogandishwa siku za mlipuko na kwa bahati vikahifadhiwa. Walipofungua daftari za mtambo waliona kwamba siku kadhaa kabla ya watu kuugua, tope katika maji yaliyokwisha kusafishwa lilikuwa limepanda ghafla. Kifaa rahisi kuliko vyote mtambo mzima ndicho kilichokuwa kimepiga kengele.

Uingereza ilichukua njia ya ukali. Sheria ya 1999 iliwataka wasambazaji wenye vyanzo vya hatari wachuje sampuli mfululizo, kiasi cha lita 1,000 kwa siku, na wastani usifike kimelea mmoja kwa lita 10. Baada ya miaka michache ya kuhesabu, nchi hiyo iliachana na kiwango hicho na kurudi kwenye kukagua hatari ya chanzo na kuthibitisha kwamba vichujio vinafanya kazi. Naona hapa somo linalotuhusu kuliko miongozo mingi tunayoletewa: tajiri aliyemudu kumhesabu kimelea aliamua kwamba fedha inafaa zaidi kulinda kichujio.

Kwa Uvira, basi, kipimo cha kwanza cha vimelea ni tope. Najua linasikika kama jibu la kimaskini. Lakini angalia jinsi mtambo unavyofanya kazi. Maji ya mto hutiwa sulfati ya alumini, chembechembe zinashikana na kuwa mabonge, mabonge yanazama, yanayobaki yanapita kwenye mchanga. Kriptosporidia ambaye klorini haimwezi hunaswa hapo pamoja na udongo. Mtambo wa namna hii ukiendeshwa vizuri huondoa zaidi ya vimelea 99 kati ya 100. Ukiendeshwa vibaya, kwa dozi iliyokosewa au mchanga uliochoka, tope linapita na kimelea anapita nalo. Kipima tope cha mkononi kinatoa jibu kwa dakika moja. Hata mrija mrefu wa plastiki wenye alama chini yake, unaojazwa maji hadi alama isionekane, unasaidia kwa maji machafu, ingawa hauwezi kutofautisha maji mazuri na mazuri sana. Na hapo ndipo penye mahitaji: mpaka wa kumzuia kriptosporidia uko chini ya NTU 1 (NTU ni kizio cha kupimia tope), kiwango ambacho jicho la binadamu haliwezi kukiona.

Mulongwe ndio unaoamua siku za kupima. Mvua za kwanza za Septemba na Oktoba huosha vyoo na mazizi ya milimani baada ya miezi mitatu ya ukame, na Aprili mto hufura. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mito ya Uvira ilivunja kingo zake, watu makumi wakafa, maelfu ya nyumba zikaenda na maji, na mji ukakosa maji ya bomba. Tangu mwaka huo ziwa nalo limekuwa likipanda, likafikia kilele mwaka 2024, na vyoo vya Kilomoni na Kavimvira vilivyochimbwa mita chache kutoka ufukweni vikazama. Sipati picha ya mazingira yanayofaa zaidi kuhamisha sisti kutoka choo kimoja hadi bidoni ya mwingine. Mtu akipima Julai, mto ukiwa kioo, akaandika ripoti kwamba hakuna vimelea, atakuwa amesema kweli juu ya Julai.

Kichocho ni hadithi tofauti, na kinaingizwa kwenye mjadala huu kwa sababu nacho kinaishi majini. Kichocho cha matumbo kinajulikana siku nyingi katika bonde la Ruzizi. Upande wa Burundi Bruno Gryseels alikichunguza kwa kirefu miaka ya 1980, na upande wetu kituo cha utafiti wa haidrobiolojia cha Uvira, CRH, kimefuatilia konokono wanaokibeba. Lakini kimelea huyu hupenya ngozini. Anayekwenda ziwani kuchota maji anaambukizwa miguuni kabla hata hajainamisha bidoni, na kuyachuja maji akifika nyumbani hakumfuti aliyekwisha kuingia. Viluwiluwi vyake haviishi zaidi ya siku moja au mbili nje ya konokono, kwa hiyo maji yaliyolala siku mbili kwenye pipa lililofunikwa ni salama kwa kuogea. Hapa cha kupima ni konokono, na siku hizi kwa DNA; upande wa Tanzania, Jared Bakuza na wenzake walifanya hivyo kwa konokono wa Gombe, na kuonyesha kwamba bila kusoma chembe za urithi ni rahisi kumpa kimelea wa mnyama jina la kimelea wa mtu. Tuliache hapo.

Narudi kwenye choo, maana ndiko nguvu yetu ilipo na hatujaitumia. Kila kituo cha afya kinachochunguza kifua kikuu kina rangi ya Ziehl-Neelsen. Tangu 1981 inajulikana kwamba rangi hiyohiyo, ikirekebishwa kidogo, bila kuchemshwa na kwa asidi dhaifu zaidi, huwapaka kriptosporidia rangi nyekundu juu ya uwanja wa buluu au kijani. Hadubini ni ileile. Dawa nyingi zimo kabatini tayari. Kinachokosekana ni karatasi ya kuagiza kipimo hicho kwa mtoto aliyeharisha zaidi ya wiki moja na kwa anayeishi na VVU, na mtu wa labo aliyeonyeshwa mara kadhaa duara la maikromita tano linafananaje, ili asilichanganye na chachu. Uchunguzi wa kawaida wa choo kibichi, ule unaotupa amibe kila siku, hauwaoni kabisa.

Wapo wanaotuahidi kwamba simu itatuokoa. Ahadi hiyo ilijaribiwa karibu nasi: mwaka 2013 Isaac Bogoch na wenzake walibandika kilenzi kidogo kwenye simu huko Pemba na kuangalia choo cha watoto wa shule. Minyoo mikubwa ya askaris waliipata katika watoto 81 kati ya 100 waliokuwa nayo, minyoo ya safura katika 14 tu. Na yai la askaris lina maikromita 50 au zaidi. Simu iliyopitwa na yai la safura haiwezi kusifiwa kwa kriptosporidia, aliye mdogo mara kumi zaidi, tena ndani ya maji. Simu zitaboreka. Kwa leo ni kifaa cha kufundishia.

Nyumbani hakuna anayesubiri maabara, na haki yake. Kuchemsha kunaua vyote tulivyovitaja. Uvira iko karibu mita 780 juu ya bahari, maji hutokota kwenye nyuzi 97 hivi, na kriptosporidia hafiki dakika moja kwenye 72. Basi yakishatokota, epua. Kuyaacha jikoni dakika kumi, kama tulivyofundishwa shuleni, ni kuchoma makaa bure, na makaa ndiyo yanayomfanya mama aamue kutochemsha kabisa. Kitambaa cha pamba kilichozeeka, kikikunjwa mara kadhaa, kina sifa yake: Bangladesh utafiti wa Rita Colwell na wenzake ulionyesha mwaka 2003 kwamba sari iliyokunjwa ilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa kuwa bakteria wake hupanda juu ya vijidudu vikubwa vya majini. Ila matundu ya kitambaa hicho ni kama maikromita 20. Kriptosporidia anapita bila kuinama. Kichujio cha udongo wa kuchomwa, kilicho kizima bila ufa, kinamzuia. Chupa zinazoanikwa juani husaidia kwa bakteria kwa saa sita, lakini kwa kimelea mwenye gamba zinataka muda mrefu zaidi, na maji ya tope hayafai kabisa.

Na hata maji yaliyotoka salama bombani hayabaki salama. Kikombe kinachochovywa ndani ya ndoo na mkono wa mtoto anayeharisha kinarudisha sisti kwa wingi kuliko mto. Kipimo cha bombani hakilijui hilo. Ndiyo maana siwaamini wanaochukua sampuli moja kwenye bomba la umma na kutangaza kwamba kartie nzima inakunywa maji safi.

Je, basi vimelea visitafutwe kamwe ndani ya maji ya Uvira? Vitafutwe, lakini kwa swali moja lenye uamuzi nyuma yake: je, vichujio vya mtambo vinawazuia? Hilo halihitaji maabara ya kudumu. Kuna njia inayotumia kichujio cha mashine ya figo, kitu chepesi kinachobebeka, kuchuja lita 50 au 100 palepale mtoni na kuondoka na chupa ndogo tu. Lita mia kutoka Mulongwe kabla ya mtambo, lita mia baada ya mtambo, siku hiyohiyo. Mara moja mvua za kwanza zinapoanza, mara ya pili Aprili mto ukiwa mwekundu. Tope lipimwe kila saa, klorini na pH pembeni, na choo cha watoto wa wiki hizo kipakwe rangi katika vituo viwili vitatu vya mjini. Maabara itakayosoma chupa hizo inaweza kuwa nje ya nchi, hakuna aibu. Wakionekana kabla ya mtambo na wasionekane baada yake, tutajua kwamba kila saa ya maji bombani inapunguza zaidi ya kipindupindu, na kazi ni kuongeza saa hizo. Wakionekana pande zote mbili, fedha inayofuata iende kwenye mchanga, alumini na mafunzo ya waendesha mtambo, kabla bomba jingine halijachimbiwa mtaro kuelekea Kalundu.